Uzi: Akiba ya vifaa tiba vya dharura kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Iko wapi, na nani anaizungusha?

MtunzaLeja (Uyole, Mbeya)

Wakuu, salaam. Kamwene kwa wanyalukolo wa Iringa na Njombe, ndaga fijo kwa ndugu zangu wa Rungwe na Kyela.

Nimetunza stoo za dawa za serikali miaka 26, katika wilaya tofauti za kanda hii. Sasa nimestaafu, niko shambani. Mwezi uliopita nilikuwa natoa magunia ya mahindi ya mwaka jana ili nipishe mapya. Mjukuu wangu akaniuliza, babu, kwa nini tunauza mahindi mazima wakati mwakani huenda mvua isinyeshe? Nikamwambia mahindi yasiyotoka ghalani huliwa na dumuzi, na njaa ikija hukuta vumbi. Nilipomaliza kumjibu nikakaa kimya kidogo, maana jibu hilo hilo niliwahi kulihitaji mbele ya kontena moja, na siku ile sikuwa nalo.

Kontena lilikuwa nyuma ya ofisi fulani, katika wilaya ambayo sitaitaja. Ndani kulikuwa na vifaa vilivyoletwa kwa ajili ya mlipuko uliohofiwa, na mlipuko wenyewe haukufika. Kila mtu akashukuru Mungu, kufuli likafungwa. Aliyekuwa na ufunguo akahamishwa. Aliyempokea kijiti hakukabidhiwa kontena kwenye maandishi, kwa hiyo halikuwa la mtu. Tulipokuja kulikata kufuli, glavu zilikuwa zimegandana, ukivuta moja zinachanika tatu. Mipira ya barakoa ilikatika ukiigusa. Gauni za kujikinga zilikuwa zimebadilika rangi kwenye mikunjo. Tarehe za kuisha muda zilikuwa zimepita miaka miwili nyuma.

Kilichoniuma si hasara. Ukuta wa pili kutoka kontena lile ni wodi ya wazazi. Katika miaka hiyo hiyo akina mama waliokuja kujifungua walikuwa wanaambiwa waje na glavu zao, wazinunue duka la dawa la nje ya geti. Glavu tulikuwa nazo, mita ishirini kutoka kitandani, zinaoza kwa jina la dharura.

Nikaandika orodha ya dawa chechefu, yaani zilizoisha muda au kuharibika, barua zikaenda, wakaguzi wakaja, kibali kikatoka, vitu vikaenda kwenye tanuri. Na hata kuchoma kuna gharama yake, tulilipia gari na mafuta.

Basi nasema hivi, na nimekaa nalo muda mrefu. Akiba ya dharura isitengwe na matumizi ya kila siku. Iwe sehemu ya stoo ile ile inayohudumia wodi, isipokuwa iwe na mstari ambao mzigo hauruhusiwi kushuka chini yake. Mzigo mpya ukija, wa zamani unatoka kwenda kutumika kabla haujafika tarehe yake. Wakala wa Hifadhi ya Chakula wanafanya hivyo na mahindi yetu. Wananunua msimu wa mavuno, wanahifadhi kwenye maghala na vihenge vya Makambako na kwingineko, ya zamani yanauzwa, yanaingia mapya. Hakuna anayesema mahindi yale yasiguswe mpaka njaa ije. Kwa nini glavu na dripu tunazitunza kama mahari ya bibi?

Nawapa hesabu moja ili tusiongee hewani. Mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa maji kabisa hupewa dripu ya RL (Ringer's Lactate, maji yenye chumvi za mwili) mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu za kwanza. Kwa mtu mzima, mililita 30 kwa kilo ziingie katika nusu saa ya mwanzo, 70 zilizobaki katika saa mbili na nusu. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6. Chupa zetu nyingi ni za nusu lita, kwa hiyo ni chupa 12 kwa mtu mmoja kabla jua halijasogea. Wakiletwa watu kumi wa hali hiyo kwa mpigo, ni chupa 120, na hapo hujagusa dripu za kuwaendeleza baada ya saa tatu.

Mwenye nafasi aende kituo cha afya cha kwao, aulize kwa heshima: leo stoo kuna chupa ngapi za RL? Aje atuambie hapa.

---

Nesi_wa_Ziwani (Kyela)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mpaka mwisho, mikono inanitetemeka kidogo kwa sababu hesabu ya chupa 12 nimeifanya kwa macho, siyo kwa kalamu.

Sisi huku chini mafuriko tunayajua. Mvua za Machi mpaka Mei zikichanganya, mito inatoka njia zake, vyoo vinajaa, visima vinachafuka. Na mpaka wa Kasumulu uko hapa. Mlipuko ulioanza Malawi Machi 2022, baada ya vimbunga vya mwanzo wa mwaka ule, ulipata wagonjwa zaidi ya 58,000 na kuua watu zaidi ya 1,700. Watu wetu wanavuka kwenda kuuza mchele na kurudi, wana shangazi na wakwe upande ule. Mwisho wa 2023 ikawa zamu ya Zambia, wenzetu wa Tunduma nao wakalala macho wazi.

Niongeze jambo ambalo watu wa ofisini hulisahau. Wengi wa wagonjwa wa kipindupindu, hata wanane katika kumi, wanaweza kupona kwa maji ya chumvichumvi ya kunywa peke yake wakiwahi. Pakiti moja, lita moja ya maji safi, kikombe na ndugu wa kumnywesha. Pakiti zile ni nyepesi, zinakaa muda mrefu, boksi moja bodaboda anabeba. Dripu ni za wale waliochelewa. Kwa hiyo akiba bora kwa kijiji cha kando ya ziwa ni pakiti na klorini kwa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, palepale kijijini, kabla barabara haijakatika. Akiba iliyoko mjini wakati maji yamekata daraja haimsaidii mtu wa kisiwa cha mpunga.

Na vitanda! Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini. Seremala wa mtaani anatengeneza akiwa na mbao na turubai. Sikumbuki mara ngapi tumeanza kutafuta seremala wakati wagonjwa wako sakafuni.

---

Mnyalukolo_Kihesa (Iringa)

Mzee MtunzaLeja, heshima yako. Lakini nikupinge kidogo, naomba unielewe sina dharau.

Mama yangu ana presha. Mwezi huu kituo hakikuwa na dawa yake, mwezi uliopita ilikuwepo moja kati ya mbili. Akaandikiwa karatasi akanunue. Sasa ukiniambia serikali iweke kando vitu kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja, mimi nasikia mama yangu anaambiwa asubiri ugonjwa wa mtu mwingine. Kituo kikiwa na fedha ya kununua vitu kumi na mahitaji ni ishirini, huo mstari wako wa kutoshuka utachorwa wapi? Utachorwa kwenye vidonge vya mama.

Dharura ya maskini ni ya kila wiki. Tuanzie hapo.

---

MtunzaLeja

Mnyalukolo, umenigusa, na hujanikosea. Mpe mama pole zangu.

Nikujibu kama mtu wa stoo. Kwanza, mstari hauchorwi kwenye kila dawa. Dawa ya presha haimo kabisa kwenye akiba ya dharura, hiyo ni mahitaji ya kila siku na kukosekana kwake ni kosa linalojitegemea. Vitu ninavyosema ni vichache: dripu, mikasi na nyuzi za upasuaji, bandeji, glavu, dawa za kuua vijidudu, pakiti za chumvichumvi, antibayotiki mbili tatu, klorini. Orodha ikizidi ukurasa mmoja imeshaharibika.

Pili, fedha ya mstari huo isitoke kwenye mfuko wa kituo. Hapo ndipo wengi huharibu. Wakikiambia kituo cha afya kiweke akiba kwa makusanyo yake na fedha za bima, wameamuru mtu wa mshahara wa laki mbili aweke bima ya gari asilonalo. Akiba ni kazi ya taifa, kama lilivyo jeshi. Ijazwe mara moja na serikali kuu, iwekwe kwenye ngazi ya kanda na wilaya. Ikishajazwa, kituo kinachukua cha zamani kwa bei yake ya kawaida kama ambavyo kingeagiza, na fedha hiyo inanunua kipya. Mtaji hauliwi, unazunguka.

Tatu, na hili ndilo linalonipa nguvu ya kuandika: mzunguko huo unamsaidia hata mgonjwa wa leo. Ghala la kanda likiwa na mzigo wa ziada unaotembea, siku gari la Dar likichelewa kituo hakiishiwi glavu. Kontena nililowasimulia lingekuwa kwenye mzunguko, akina mama wale wasingenunua glavu nje ya geti.

---

Dereva_Igawa

Mimi si mtu wa afya, naendesha semi kutoka bandarini kwenda Tunduma. Naongea barabara tu.

Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Siku njema unalala njiani mara moja. Siku ambayo lori limelala kwenye kona ya Kitonga, hulali, unakaa. Nimeshawahi kukaa pale kuanzia alfajiri mpaka usiku, nyuma yangu kuna gari la maziwa limemwaga mzigo wote. Ukitaka kukwepa Kitonga unazungukia Dodoma, Mtera, ndipo Iringa. Huo ni mzunguko mrefu, na taarifa lazima uipate ukiwa bado Morogoro, ukishafika Ruaha Mbuyuni umeshachelewa.

Halafu dharura yetu kubwa wala si kipindupindu. Ni sisi wenyewe. Mteremko wa Mlima Nyoka, Iwambi, Mbalizi. Lori linakatika breki, linakuta daladala na bodaboda mbele. Ndani ya nusu saa hospitali inapokea watu thelathini waliovunjika. Hapo hakuna muda wa kuagiza kitu popote. Kilichopo stoo siku hiyo ndicho kitakachotumika.

Naomba wataalamu mnijibu: kwa nini vitu hivi visikae Makambako? Pale barabara ya Songea inaachana na ya Mbeya, reli ya TAZARA inapita hapo hapo na inakwenda mpaka Mbeya na Tunduma. Kitonga ikifunga, aliyeko Makambako yuko upande huu wa mlima.

---

Mfamasia_Njombe

Dereva, umeongea ramani kuliko wengi wenye ramani.

Makambako ina sababu nyingine zaidi. Bohari ya Dawa wana kiwanda cha glavu Idofi, hapo hapo Makambako. Glavu ikitoka mtamboni inaanza kuhesabu umri. Glavu iliyosafirishwa kwa meli miezi kadhaa na kukaa bandarini inatufikia ikiwa imezeeka, ya Idofi inakuja na umri wake wote. Na hali ya hewa ya Njombe ni zawadi. Dawa nyingi zinataka nyuzijoto zisizidi 30, mpira wa glavu unaharibiwa na joto na mwanga. Kontena la bati juani kule Kyela linapikwa, ghala lenye paa zuri Makambako halihitaji hata feni miezi mingi ya mwaka. Chanjo na oksitosini, sindano ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, ni habari nyingine, hizo zinataka friji ya nyuzi 2 mpaka 8 popote ulipo.

Bohari ya Dawa tayari ina kanda Mbeya na kanda Iringa, na inapeleka mzigo mpaka mlangoni mwa kituo. Magari yapo, njia zinajulikana. Hatuhitaji kuanzisha taasisi mpya yenye mkurugenzi na viyoyozi.

Lakini mzee MtunzaLeja, kwa heshima, mfano wako wa mahindi una mahali unapofika ukakwama. Siyo kila kitu kinazunguka. Chukua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola. Kagera waliipata Machi 2023, ikarudi mkoa ule ule, Biharamulo, Januari 2025. Vazi lile la mwili mzima, miwani, buti, mfuko wa kuhifadhi marehemu: wodi ya kawaida haivitumii. Huwezi kumpa nesi wa kliniki ya watoto vazi la Marburg ili lisiishe muda. Vitu vya namna hiyo vitaisha muda vikiwa kwenye rafu hata ukivitunza vipi, na lazima taifa likubali kuvitupa na kununua vingine, kama unavyolipa bima na nyumba haiungui. Mtu asikamatwe kwa hilo. Nimeona watunza stoo wanaogopa kuagiza vazi la kujikinga kwa sababu mkaguzi akikuta boksi limeisha muda, swali la kwanza ni "nani amesababisha hasara?"

Vitu hivi vya aina ya pili visambazwe kidogo sana, vikae kitaifa au kanda, siyo kila wilaya. Rwanda walipopata Marburg Septemba 2024 walikuwa na wagonjwa 66, wakafa 15. Kwa ugonjwa ule hiyo ni namba ndogo mno. Chanjo ya majaribio ilikuwa imeshatengenezwa na kuwekwa akiba na taasisi ya Sabin ya Marekani, ikafika Kigali siku tisa hivi baada ya mlipuko kutangazwa. Chanjo ile ilikuwa imetumika kwenye majaribio tu, siyo kwenye mlipuko. Ilikuwa imekaa tu kwenye akiba, inasubiri, na kukaa kwake ndiko kulikofanya ifike haraka.

---

MwanaMbozi_Ughaibuni

Nimeona uzi nikiwa zamu ya usiku. Niko California, ni nesi, kwetu Vwawa. Niwape ya huku, maana watu hudhani kwa wenzetu mambo haya yamenyooka.

Marekani wana akiba ya taifa tangu 1999. Walipanga vifurushi vikubwa vya tani 50 kila kimoja, vifike jimbo lolote ndani ya saa 12. Kwa upande wa kusafirisha hawakuwa na mchezo. Mwaka 2009 homa ya mafua ya H1N1 ilipoingia walitoa barakoa za N95 kama milioni 85 kutoka ghalani. Baada ya mlipuko kupita, hawakuzirudisha. Miaka kumi na moja! Corona ilipofika 2020 ghala la taifa lile lilikuwa na N95 milioni 12 hivi kwa nchi nzima. Wauguzi wenzangu walivaa barakoa moja siku kadhaa, usiku unaiweka kwenye mfuko wa karatasi wenye jina lako.

Jimbo langu lenyewe ni kisa kinachouma zaidi. Mwaka 2006 gavana alikuwa Schwarzenegger, hofu ilikuwa mafua ya ndege. Wakatumia zaidi ya dola milioni 200. Wakanunua hospitali tatu za kuhamishika, kila moja vitanda 200, mashine za kupumulia 2,400, barakoa milioni 50. Hospitali ile inabebwa kwenye malori, inasimamishwa uwanjani. Mwaka 2011 bajeti ikabana. Utunzaji wake ulikuwa unagharimu dola kama milioni 5.8 kwa mwaka. Wakaikata. Vitu vikagawanywa, vingine vikaachwa, barakoa zikaisha muda. Walitumia mamia ya milioni kununua, wakashindwa kutoa milioni sita za kutunza.

Kanada nao 2019 walifunga ghala la Regina, wakatupa barakoa milioni 2 zilizokuwa zimeisha muda. Mwaka mmoja tu baadaye dunia nzima inazitafuta.

Kwa hiyo mzee wangu, kontena lako lina ndugu zake huku, na ni wakubwa. Kununua kuna picha na mkasi wa kukata utepe. Kutunza hakuna picha.

---

Kijana_wa_Mafinga

Nafuatilia. Ila wizi je? Mstari wa kutoshuka utashushwa usiku.

---

MtunzaLeja

Kijana wangu, swali lako ni fupi ila ni zito.

Dawa za serikali zina alama ya GOT (Serikali ya Tanzania) ili zikikutwa duka binafsi zijulikane. Na mzigo unapofika kituoni, kamati ya usimamizi ya kituo, yaani wananchi wenyewe, inatakiwa ishuhudie mapokezi na kusaini. Nimefanya kazi na kamati zilizokuwa zinasaini chini ya mwembe bila kufungua boksi. Nimefanya kazi pia na mama mmoja, mjumbe wa kamati, darasa la saba, aliyekuwa anahesabu chupa moja moja kwa kidole huku dereva ananung'unika kwamba anachelewa. Kwenye kituo kile miaka mitatu leja na rafu havikuwahi kupishana.

Wizi wa stoo hustawi pale ambapo hakuna anayejua kilichomo. Ndiyo maana nachukia akiba ya siri. Watu wengine husema akiba ya dharura isitangazwe, ni usalama wa taifa. Idadi ya chupa za dripu Mbarali ni siri dhidi ya nani? Ibandikwe ukutani pale mapokezi, kila mwezi, kwa kalamu ya wino mzito: tunazo ngapi, mstari uko wapi, za mwisho zinaisha muda lini.

Na Mfamasia, nakubali. Mahindi na vazi la Marburg havifanani. Nilikuwa nimebeba mfano wangu kwa nguvu kuliko unavyostahili. Hofu ya mkaguzi uliyoisema nimeiishi. Niliwahi kuandika agizo la vifaa vya kujikinga nikalichana mwenyewe kabla halijasainiwa. Kama kuna jambo la kupeleka bungeni katika uzi huu, basi ni hilo: kanuni iseme wazi kwamba kitu cha akiba kilichotunzwa ipasavyo kikaisha muda si hasara ya mtunza stoo.

---

Mwalimu_Rungwe

Naomba niingize damu, hakuna aliyeitaja na dereva ameongelea ajali.

Damu nyekundu inakaa siku 35, ikitunzwa sana 42. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni siku tano. Hakuna ghala la damu la mwaka mzima duniani, hata kwa matajiri. Akiba yake iko mwilini mwa watu. Na hapa kwetu wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Watu wa Damu Salama wanakuja shuleni, vijana wangu wa kidato cha tano na sita wanajipanga, wengine wanajisifu wamechangia mara tatu. Shule zikifungwa Juni na Desemba, chanzo hicho kinakauka. Desemba ndiyo mwezi ambao barabara hii imejaa mabasi ya watu wanaorudi kwao kula sikukuu.

Mimi nimeanza daftari. Nina majina ya wazazi, madereva wa bodaboda na wanakwaya wa kata yetu, na kundi la damu kwa wanaolijua. Wamekubali kuitwa Desemba. Ni watu 41 mpaka sasa. Sijui kama hiyo inaitwa akiba ya serikali, lakini mratibu wa wilaya amechukua nakala.

---

Nesi_wa_Ziwani

Mwalimu, ubarikiwe. Hiyo ndiyo akiba.

Nirudi kidogo kwenye chanjo ya kipindupindu, maana watu wengi hudhani tukishikwa tutaletewa. Kuna akiba ya dunia tangu 2013, ilianza na dozi milioni 2. Nchi inaomba, kamati ya kimataifa inaamua. Oktoba 2022 nchi zenye milipuko zilikuwa nyingi mno, wakalazimika kutoa dozi moja badala ya mbili kwa kila mtu. Mwanzoni mwa 2024 ghala likakauka kabisa, kila dozi iliyotoka kiwandani ilikuwa tayari imeshagawiwa. Wakati ule kiwanda kilichokuwa kinatengeneza kwa wingi kilikuwa kimoja, cha Korea Kusini.

Foleni ya namna hiyo tusiiwekee matumaini yote. Pakiti za chumvichumvi na klorini hatumwombi mtu.

---

Mnyalukolo_Kihesa (Iringa)

Wakuu, nimerudi.

Leo asubuhi nilimsindikiza mama kliniki. Dawa zake zote mbili zilikuwepo, nashukuru. Wakati anasubiri nikamfuata dada wa famasi, nikamsalimia, nikamweleza kuhusu uzi huu na swali la mzee. Nilidhani atanifukuza. Akaniangalia, akachukua funguo, akaniambia njoo uhesabu mwenyewe.

Chupa za RL ni 34. Za nusu lita. Ishirini zinaisha muda Septemba mwakani, 14 zinaisha Februari. Amezipanga za Februari mbele. Pakiti za chumvichumvi zipo boksi mbili hazijafunguliwa. Glavu zipo. Klorini hakuna.

Nikamuuliza mstari wao ni chupa ngapi. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia kuna mstari, yeye anaagiza kwa wastani wa matumizi ya miezi iliyopita. Miezi iliyopita hapakuwa na mlipuko, kwa hiyo wastani ni mdogo.

Mzee, nilikupinga. Kwa chupa 34 ni wagonjwa wawili, na wa tatu anaishia njiani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya dirisha, amesikia mazungumzo yote. Njiani kurudi akaniuliza wa tatu atakuwa nani.

---

MtunzaLeja

Mwanangu, asante kwa kwenda. Mpe dada wa famasi salamu zangu, aliyezipanga za Februari mbele ni mtunza stoo wa kweli.

Mwambie aandike barua kwa mfamasia wa halmashauri, aombe chupa 86 za kufikia 120, aeleze hesabu ya mililita 100 kwa kilo. Akitaka nitamwandikia rasimu, nipate namba yake kwa ujumbe wa faragha. Mfamasia_Njombe, kama utakuwa na dakika kumi jioni hii, ipitie kabla haijaenda.

---

Mfamasia_Njombe

Niko hapa mzee. Iletwe. Na aongeze klorini.